Mashine Inayojua Chai

Jumatatu, 10 Juni

Siku kubwa. Naandika haraka kabla mama mkwe hajamaliza kuoga, maana meza ni yake na kalamu pia ni yake.

Asubuhi Meneja alitukusanya walinzi wote wa kiwanda mbele ya lango. Walinzi wote maana yake ni mimi na Sajini, lakini alisema "nyote", na neno hilo nililipenda. Akasema kufuli zinaibwa. Kiwanda chetu kinatengeneza kufuli, na ni aibu, alisema, kiwanda cha kufuli kuibiwa. Nikacheka. Sajini hakucheka. Kumbe haukuwa mzaha.

Halafu ikaja habari yenyewe. Mkuu wa lango amestaafu na ameshahama. Ijumaa, saa ya kutoka, Meneja atasimama nasi langoni aone nani anakagua vizuri zaidi, na huyo ndiye atakayepewa cheo. Pamoja na cheo, nyumba ya langoni. Vyumba viwili, choo, na mlango unaofungwa kwa ndani.

Baada ya neno mlango sikusikia lingine. Tangu tufunge ndoa, mimi na mke wangu tunalala sebuleni kwa mama yake, nyuma ya pazia la maua. Pazia halizuii kitu. Tukinong'ona, mama mkwe anajibu. Juzi nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mchuzi ulizidi chumvi. Sauti ikatoka chumbani kwamba mwenye ulimi mwororo namna hiyo apike mwenyewe.

Mke wangu nilimpa habari uani, kwenye kamba ya nguo, maana hapo ndipo faraghani kwetu. Aliacha kuanika. Akasema, "Mimi nataka mlango. Hata uwe mbovu, nataka mlango." Anashona sare za shule mchana kutwa na hana tabia ya kuomba vitu. Nimeapa ataupata.

Kikwazo ni kimoja: mashine yangu. Ni fimbo nyeusi, bapa upande wa mbele mfano wa mwiko. Unampitishia mtu mwilini, ikikuta chuma inalia. Ya Sajini inalia vizuri. Yangu tangu mwezi uliopita inalia kama mbu mwenye mafua. Leo imelia mara moja tu, kwa mtunza stoo, kwa sababu ya chupa yake ya chai. Ni chupa kubwa ya chuma, na kila jioni lazima iilize. "Ni chupa tu, mkuu," husema, nami humpitisha. Ndiye mtu pekee kiwandani anayeniita mkuu. Wengine wananiita Bwana Mwiko. Na daima hupita foleni yangu, hajawahi kwenda kwa Sajini. Watu wenye adabu wanajuana. Nikipata cheo nitamwomba kikombe cha hiyo chai.

Tatizo ni betri, imechoka. Betri mpya ziko stoo, lakini kuomba betri ni kukiri kwamba mwezi mzima nimekuwa nikikagua watu kwa mwiko. Nani amewahi kupewa ukuu kwa kukiri?

Suluhisho limenijia sasa hivi nikiitazama redio ya mama mkwe. Betri ile ile! Ya mraba, yenye vichwa viwili juu. Na mama mkwe akiingia bafuni hatoki leo. Nimetoa yake, nimeweka yangu. Redio haijui tofauti. Mimi si mtu wa kawaida.

Jumanne, 11 Juni

Leo yametokea mawili, moja la ajabu na moja la utukufu.

Betri ya mama mkwe niliitia mfukoni, pamoja na funguo za lango zilizofungwa kwa waya. Nilikusudia kuipachika kwenye mashine nikiwa chooni, kwa siri. Lakini Meneja akawahi kuja kukagua sare. Tukasimama wima, mimi na Sajini, naye akaanza kueleza habari za uaminifu.

Mara nikahisi joto pajani. Dogo, la kupendeza. Halafu si la kupendeza. Halafu moto, moto kabisa, pasi ya mkaa! Niliruka. Nikajipiga paja kwa viganja vyote viwili. Nikaizunguka nguzo ya taa mara kadhaa, nikarudi kwenye nafasi yangu, nikasimama wima tena, machozi yananitoka.

Sajini muda wote huo hakutikisika. Hapo ndipo nilipomshinda. Meneja akasema amechoka na walinzi wanaolala macho wazi. Angalau huyu ana moto. Ndivyo alivyosema, ana moto. Nikamjibu kwamba ninao, hata nyumbani wanajua.

Chanzo nimekijua papo hapo. Upupu! Sajini ameniwekea upupu mfukoni. Na baadaye akaja anajifanya mwema. Akaokota betri iliyodondoka, akanieleza kwamba betri na funguo havikai mfuko mmoja. Eti funguo zinaviunganisha vile vichwa viwili, na betri inapiga shoti na kuchemka. Nivifunike vichwa kwa utepe. Yake ya akiba huiweka kwenye kibiriti kitupu, amevifunga vichwa kwa utepe mweusi kama mgonjwa wa meno. Nikamshukuru kwa ubaridi. Mtu anakuchoma paja halafu anakufundisha umeme!

Betri yenyewe imekufa. Nimeilamba, haikunichoma hata kidogo.

Nyumbani mke wangu aliutazama mfuko uliotoboka, akazitazama funguo, akaitazama betri, akaniuliza hawa wawili waligombania nini humo ndani. Nikamwambia ni upupu. Akasema upupu hautoboi kitambaa. Hajauona upupu wa Sajini. Ameshona mfuko mpya kwa kitambaa kizito cha sare za shule, mara mbili, na uzi maradufu.

Mama mkwe anasema redio yake imekuwa bubu. Nikamwambia ni hali ya hewa. Akachungulia dirishani, akaona jua, akanitazama mimi. Anasema mtaalamu wa mashine humu ndani ni mimi, basi niishughulikie. Ana kipindi chake cha Jumapili, na hajawahi kukikosa hata siku alipofiwa na dada yake.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa pili. Bora kuliko wa kwanza kwa mbali.

Saa ya chakula Sajini huacha mashine yake mezani akaenda kunawa. Ananawa kama daktari, hadi viwiko. Nikafungua mashine yake, nikachukua betri yake nzima, nikamwekea yangu iliyokufa. Upupu umelipwa.

Ila nyumba ya betri kwenye mashine yangu imelegea, betri inacheza humo kama jino la mtoto. Nikaokota karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaikunja, nikaisokomeza pande zote mpaka ikakaza. Kimya kimya, bila kusaidiwa na mtu. Ningesomea umeme ningefika mbali.

Saa ya kutoka. Nikawasha, ikalia. Nikazima, ikalia. Nikaielekeza juu, ambako hakuna chuma, ikalia. Nikaamua kwamba hizo ni nguvu.

Wa kwanza alikuwa msichana anayepaka kufuli grisi. Ikalia. Akavua mkanda, ikalia. Akavua viatu, akatoa vibanio vya nywele kimoja kimoja, ikalia. Nikamwambia asimame pembeni. Wa pili naye pembeni. Fundi wa kuchomelea, yule aliyenibandika jina la Bwana Mwiko, akasimama pembeni kwa furaha yangu kubwa, ameshika suruali kwa mkono. Muda si muda nusu ya kiwanda ilikuwa peku ukutani, kila mtu na viatu vyake kifuani.

Mtunza stoo alikuja na chupa yake, akaona hali, akageuka. Alisema amesahau kitu ndani. Wenzake wanakimbilia nyumbani, yeye anarudi kazini saa ya kutoka! Wafanyakazi wa namna hiyo wamebaki wachache.

Na Sajini? Mashine yake kimya. Nikamtazama kwa huruma. Akaigonga, akaifungua, akachungulia. Kisha, mbele ya kila mtu, akaenda moja kwa moja stoo, akasema betri yake imekufa na ya akiba ameiacha nyumbani, apewe nyingine. Akapewa. Akarudi akaendelea na kazi.

Aliomba tu! Mchana kweupe! Watu wengine hawana haya.

Basi wakati nikimshangaa, mashine yangu ikabadilisha sauti. Ikalia mlio mrefu, wa chini, wa kuagana. Moshi mwembamba ukatoka kwenye mpini, na harufu ya plastiki iliyoungua. Kisha kimya. Watu wa ukutani wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kwa heshima. Sajini akachungulia akasema ni shoti tena, karatasi ya fedha imegusa nyaya, na safari hii mashine yenyewe imeungua. Nikamwambia ni mvuke.

Hapo Meneja akatokea. Akaona nusu ya wafanyakazi wake peku. Akauliza kulikoni. Nikasema, ukaguzi wa kina. Akatafakari. Akasema tangu aanze kazi hajaona ukaguzi wa namna hii, ila kesho niwaache watu waende na viatu vyao. Sajini hakuambiwa neno. Kwa hiyo ninaongoza.

Lakini mashine imekufa kabisa, na Ijumaa ni keshokutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Sihitaji mashine!

Wazo lilinijia alfajiri, nyuma ya pazia. Darini kwa mama mkwe kuna panya. Akalia: tiit. Sijui kwa nini, nikamjibu: tiit. Akajibu. Tukaendelea hivyo kwa muda, tunaelewana vizuri, mpaka mama mkwe akagonga dari kwa mpini wa fagio. Kisha akatangaza kwamba panya wako wawili, na mmoja ameshuka upande wa pazia.

Nikakaa kitako godoroni. Sauti ile! Sauti ya mashine yenyewe, tena mashine mpya!

Siri yake ni hii. Midomo unaibana, ulimi unaupandisha, hewa unaivuta ndani kupitia meno. Uso uwe wa mtu anayesikiliza hotuba. Nimefanya mazoezi njia nzima ya kwenda kazini. Mbwa mmoja alinifuata mpaka langoni.

Jioni nikaijaribu kwenye foleni. Ushindi mtupu! Hakuna aliyeshtuka. Na ni mashine bora ajabu, maana ya betri haichagui, lakini ya mdomo ina akili. Ilimlilia fundi wa kuchomelea mara nne. Ilimlilia jamaa anayeruka foleni. Mama mfagizi, ambaye miguu inamsumbua na hapendi kusimama, haikumlilia kabisa ingawa alikuwa na ndoo ya bati mkononi. Kwa mtunza stoo ilililia ile chupa kama kawaida, naye akasema ni chupa tu, mkuu, nikampitisha. Lango halijawahi kuwa na haki kiasi hiki.

Kasoro ni ndogo sana. Hewa ninayoivuta lazima iende mahali, nayo imegeuka kwikwi. Na kwikwi nayo, nikiibana midomoni, inatoka kwa sauti ile ile. Mezani mama mkwe alipoinua kijiko nikalia tiit. Akakirudisha kijiko sahani­ni polepole, akaniuliza kama kuna ninachomshuku. Alipokinyanyua tena, tiit tena. Alikula kwa mkono.

Mke wangu alinitoa uani, kwenye kamba ya nguo. Akaniuliza kwa nini nisiende kuomba mashine nyingine tu, kama Sajini alivyoomba betri. Nikamweleza tena habari ya kukiri. Akasema ameshaifikiria ile nyumba. Mapazia atashona ya madirishani tu. Katikati ya chumba hataki kuona pazia mpaka anakufa. Alisema huku akitabasamu, lakini mikono yake ilikuwa inaikamua nguo iliyokwisha kukauka.

Niliingia ndani nimebanwa na kitu kifuani, na hiyo haikuwa kwikwi. Kesho siwezi kushindwa.

Ijumaa, 14 Juni

Ushindi! Ushindi! Nitaandika kwa utaratibu.

Kwikwi zilishinda nami kutwa. Nilikunywa maji nikiwa nimeinama, nilijibana pua, nilimwomba mama mfagizi anishtue. Hazikusikia. Saa ya kutoka Meneja akaja, akasimama begani kwangu, mikono nyuma. Upande wa pili Sajini na mashine yake, safi, inalia panapostahili, inanyamaza panapostahili. Inachosha hata kuitazama.

Nikaanza. Tiit kwenye mkanda. Tiit kwenye funguo. Vizuri kabisa. Meneja akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaihisi kwikwi kubwa inapanda kutoka tumboni. Nikabana pumzi ili niizamishe. Na hapo hapo, nimebana pumzi, mashavu yamenijaa, mtunza stoo akafika na chupa yake.

Nikapitisha mashine juu ya chupa. Kimya. Sikuwa na pumzi ya kulilia.

"Ni chupa tu, mkuu," akasema mtunza stoo, kwa mazoea, akiiambia mashine ambayo haikusema kitu.

Meneja akasogea. Akauliza mbona haikulia, au ile si chuma.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliiona kabisa, iko mbele yangu. Na nyuma yake nikauona ule mlango wa nyumba ya langoni unafungwa, mimi na mke wangu tuko nje tumeshika pazia la maua.

"Inajua chai, Bwana Meneja," nikasema.

Akauliza inajua nini. Nikaeleza. Nikasema mashine hii nimeifundisha. Chupa hii imeiona kila jioni kwa muda mrefu, imeizoea. Siku hizi ikihisi chai ndani, hainisumbui. Inalia tu ikiwa ndani mna kitu kisicho chai. Nilisikia maneno yakitoka nikashangaa yanatoka wapi. Sajini alinikodolea macho mpaka akasahau foleni yake.

Meneja akasema hebu nirudie.

Nikarudia, polepole, midomo nimeibana, nia yangu ni kunyamaza kwa nguvu zangu zote. Mashine ikafika juu ya chupa. Na kwikwi ikafika.

Tiiit. Kubwa, kali, safi, haijawahi kutoka namna ile.

Meneja aliitazama chupa. Mtunza stoo alinitazama mimi, hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu kama mtu aliyesikia jiwe likimwita jina lake. Akasema kwa sauti ndogo, "Imejuaje?"

Meneja hakumwelewa mara moja. Mimi sikumwelewa kabisa. Ni Sajini aliyeichukua chupa na kuifungua. Hamkuwa na chai. Kioo cha ndani kilikuwa kimetolewa, na humo mlikuwa na kufuli, zile ndogo za bei mbaya, kila moja imevishwa kitambaa ili zisigongane. Zilimwagika mezani bila sauti.

Mtunza stoo akakaa chini pale pale langoni. Akasema kila jioni mashine ilikuwa inalia, na kila jioni ikiambiwa ni chupa inaridhika. Hakudhani kwamba ilikuwa inajifunza. Wakamchukua ofisini. Nilimhurumia, siwezi kuficha. Ndiye pekee aliyekuwa ananiita mkuu, na alikuwa ananiita hivyo kwa sababu hiyo.

Lakini sasa wote wananiita! Meneja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa cheo mbele ya wafanyakazi wote, akanipa na funguo za nyumba. Fundi wa kuchomelea akasema, hongera, mkuu. Sajini naye alinipa mkono, akaniuliza sikioni imekuwaje mashine iliyotoa moshi juzi leo ijue chai.

Nikamjibu, "Malezi."

Jumamosi, 15 Juni

Jana baada ya chakula nilimnong'oneza mke wangu ukweli wote, nyuma ya pazia. Redio, karatasi ya fedha, panya, kwikwi. Alicheka mpaka akauma mto. Alicheka mpaka pazia likacheza.

Kisha sauti ikatoka chumbani. "Na betri yangu?"

Mama mkwe amesikia kila kitu. Tulitoka, tukasimama mbele ya mlango wake kama watoto waliovunja chungu. Masharti yake ni mawili. Nimletee betri mpya kabla ya kipindi chake cha Jumapili. Na nisimlilie tena mezani maisha yangu yote. Halafu akaniuliza kama ni kweli kila kufuli ilikuwa imevishwa kitambaa. Nikasema ni kweli, kama watoto wachanga. Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akanipiga begani. Akasema, "Wewe mkwe wangu ni mjinga mwenye bahati, na hao ni wachache." Tangu nimwoe binti yake hajanisifu hivyo.

Betri nimenunua leo asubuhi. Mpya, bado inang'aa.

Kazini mambo ni moto. Meneja amewaalika mameneja wa viwanda vya jirani waje Jumatatu kuiona mashine inayojua chai. Watakuja na chupa zao. Nitawafundisha walinzi wao jinsi ya kulea mashine. Akataka kunipa mashine mpya kwa heshima ya siku hiyo. Nimekataa! Mpya haina malezi. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeguswa.

Sajini alinivuta pembeni akanishauri niseme tu kwamba ya zamani imepiga shoti, nipokee mpya, yaishe. Kukiri tena! Jamaa huyu hana wazo lingine kichwani. Sasa naelewa kwa nini sikushindwa naye.

Jumapili, 16 Juni

Tumehamia.

Godoro, sanduku, cherehani, ndoo mbili. Mama mkwe alitufungia sufuria yake nzuri kwa kitambaa. Pazia la maua tumemwachia.

Mke wangu aliingia ndani akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, akaegemea kwa mgongo, akafumba macho. Mlango unakwaruza chini na bawaba moja imechoka. Akasema ndio mlango mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona. Machozi yalimtoka huku anacheka. Na mimi nililia. Halafu akaninong'oneza jambo sikioni, ambalo sitaliandika hapa, na sote wawili tukanyamaza kwa mazoea, tunasubiri.

Hakuna aliyejibu.

Tulisubiri kidogo zaidi kwa uhakika. Hakuna. Tukacheka kama wendawazimu.

Baadaye Sajini akapita kutupongeza. Mtu wa ajabu, hana kinyongo kabisa, jambo ambalo linanitia wasiwasi. Alileta zawadi, utepe wake mweusi, mzima, haujafunguliwa. Akasema nikumbuke vile vichwa vya betri. Aliuweka kizingitini, akanywa maji akiwa amesimama mbali, akaondoka. Ni utepe wa maana sana. Nimebandikia picha yetu ya harusi ukutani, imeshika barabara.

Kwa kesho niko tayari. Midomo nimeipaka mafuta. Nimejaribu mara chache hapa ndani, na darini kuna mtu amejibu. Dalili njema.

Sasa nakwenda kwa mama mkwe kabla kipindi chake hakijaanza. Betri ninayo, iko salama kwenye ule mfuko mpya wa kitambaa kizito, pamoja na funguo za nyumba yangu. Funguo za nyumba yangu! Mke wangu amesimama mlangoni ananisubiri nimalize kuandika, anafungua na kufunga.

Nimejawa. Sijawahi kuhisi hivi. Naona joto linanipanda pajani, dogo, la kupendeza. Sajini leo hakunikaribia, kwa hiyo si upupu. Ni furaha. Sikujua kwamba huanzia mguuni.